Tabaka la Tisini na Moja

Zege letu halimiminiki.
Lishike: linakaa kiganjani kama udongo wa mfinyanzi
uliosahauliwa uani tangu asubuhi.
Saruji kidogo, majivu mengi, kokoto, na maji
ya kuhesabu, ya kunyimana.
Siku ya kwanza nilicheka.
Nikamwuliza Mhandisi Thopacu: Hili ndilo la kuzuia mto?
Akasema, Mto hauzuiwi kwa ujanja, Afoyorwoth.
Unazuiwa kwa kukaa.
Na kweli ukuta wetu unakaa tu,
kama mama mkwe aliyekuja bila kutaja siku ya kuondoka;
uzito wake ndio hoja yake yote.

Lori linamwaga, tingatinga linatandaza
unene wa futi moja, usizidi, usipungue,
kisha rola ya Openytho:
mara mbili kimya, mara sita kwa mtetemo,
mpaka meno yagongane vinywani mwetu tuliosimama mbali
na uso wa zege utoe jasho jembamba.
Hapo ndipo kazi yangu. Nachomeka kipimo, nasoma,
naandika kwa penseli, maana kalamu hugoma kwa vumbi:
tisini na nane kwa mia. Pita.
Na juu yake jingine. Bandika bandua,
mchana, usiku, Krismasi,
kwa sababu tabaka likikauka kabla mwenzake hajafika
hayatashikana tena. Yatalala pamoja tu
kama watu wa nyumba moja wasiosemezana,
na maji yatajua.
Maji hayakosi kujua.

Usiku wa tabaka la tisini na moja
ukungu ulishuka kutoka upande wa Zeu
hadi taa za mitambo zikawa viini vya mayai.
Rola ikasimama. Openytho alikuwa na simu sikioni.
Sikusikia maneno; niliona mwanga shavuni mwake,
kisha sikuuona.
Akashuka, akajimwagia chupa ya maji kichwani,
akapanda tena.
Ilikuwa saa nane na nusu. Tabaka limefika nusu,
na dereva wa kumpokea yuko Paidha kitandani, malaria.
Mara mbili kimya. Mara sita.
Nilihesabu. Hakuruka hata moja.
Ule mkondo wa mwisho, karibu na ukingo, aliurudia mara ya saba,
na fomu yangu haina kisanduku cha saba.

Alfajiri akanikabidhi funguo.
Mama amefariki, akasema. Nakwenda Jangokoro.
Nilitafuta neno, sikulipata. Nikamsomea namba:
tisini na tisa.
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea rambirambi.

Miezi mitatu baadaye wakaja watu wa kutoboa.
Waling'oa kutoka kifuani mwa ukuta
mche mrefu wa zege, mduara wake sawa na sahani,
wakaulaza juu ya magunia yaliyoloweshwa.
Openytho naye akaja, kofia mkononi.
Akachuchumaa. Akapitisha kidole polepole
toka tabaka la themanini kwenda juu,
akitafuta mahali usiku ule ulipo.
Kokoto imeuma kokoto.
Hapana mstari.

Thopacu alifurahi. Akapiga picha tatu,
akaandika: maungio hayaonekani.

Openytho alirudi mwanzo,
akapitisha kidole tena.