Waya wa Yuro Nne

Nilibadilisha kila kilichong'aa.
Sproketi kumi na mbili za nyuma,
cheni nyeusi yenye mafuta ya kiwandani,
kihamisha-cheni kilichonila msimu mzima
wa kuwafyekea watu nyasi za ng'ombe bondeni Bovec.
Waya nikaubakiza.
Nani huutazama waya?
Umejificha ndani ya ala yake, haudai kitu,
nami nilibakiwa na yuro sita
na kiu ya bia.

Jumamosi, kwenye mpando wa juu ya Čezsoča,
pale mizizi ya misonobari ilipoinua migongo njiani,
nilibonyeza nikitaka gia nyepesi.
Kimya.
Nikabonyeza tena.
Kimya.
Kisha zikaja mbili kwa mpigo,
cheni ikaruka, goti likasalimiana na usukani,
na mzee mmoja mwenye kofia ya manjano
akanipita akinitakia asubuhi njema.

Jerneja hakucheka. Afadhali angecheka.
Dada yangu hukagua kamba za chuma za lifti ya theluji,
mwaka wa kumi na tisa huu, ananing'inia kikapuni
akipitisha tambara la pamba juu ya chuma;
pamba ikinasa, anajua kuna uzi umekatika.
"Umemvisha bwana harusi suti mpya," alisema,
"ukamwachia soksi za juzi."

Tuliitundika baiskeli kwenye kulabu
ambako baba alitundika nguruwe kila Desemba.
Akaishusha gia hadi sproketi ndogo kabisa, waya ukalegea,
akafungua kifuniko pembeni mwa kibonyezo,
akasukuma.
Kichwa kikachungulia, kidogo kama punje ya mtama,
kisha mwili ukafuata, shingo upande, ukikwaruza.
Nilitarajia fedha. Ulikuwa rangi ya chai.
Na pale ulipozoea kupinda kila siku
nyuzi tatu zilikuwa zimekatika,
zimesimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa.
Ala nayo ikatema maji.
Maji ya theluji ya mwaka gani? Sijui.
Miaka yote nilimpanda mgonjwa
nikimlaumu kwa uvivu.

"Gusa."
Nikagusa. Ukanitoa damu.
"Sasa umekagua," akasema.

Ala mpya aliikata kwa mng'ato mmoja wa koleo,
akausugua mdomo kwa tupa hadi ukawa bapa,
akautanua kwa sindano ya mama ya kushonea magunia.
(Sindano ile niliitafuta sana tulipogawana nyumba.
Sikuuliza. Naye hakunificha.)
Waya akanikabidhi mimi.
"Usiulazimishe. Uzungushe huku ukiupeleka,
na usikilize."
Nikasikiliza: mnong'ono wa chuma katika plastiki,
pumzi zetu mbili, mvua ikianza juu ya bati.
Hatukuwa tumenyamaza pamoja hivyo
tangu siku ile kwa mwanasheria.

Akauvuta, akakaza nati.
Nikazungusha pedali kwa mkono.
Tk. Ikapanda. Tk. Ya tatu ikasita,
akageuza kirekebishi robo mzunguko, si zaidi,
tk,
ikapanda kama mtu anayejua chumba chake gizani.

Nilishaanza kumshukuru. Akanikata kauli.
"Waya mpya ni mwongo. Ala zitajikalia sawa,
utalegea, utanuna tena kabla ya Jumapili.
Njoo. Tunakula saa saba."

Wa zamani aliusokota, akautia mfukoni.
Mwezi wa saba niliuona bustanini kwake,
umefunga miti ya maharagwe mitatu kileleni,
bado umepinda palepale ulipopindia baiskeli yangu,
na maharagwe yanaupanda
bila kuuliza ulitoka wapi.
Nilikuwa nimekwenda kula.
Gia zilikuwa salama kabisa.