Jalada Lisilo na Jina

Leo nimefungua kabati la baba, lile la mninga,
lililosimama ofisini nyuma ya soko kuu
miaka thelathini na miwili bila kuhama.
Ufunguo ulikuwa ndani ya kopo la asali.
Umetoka unanata.

Wakili Fulgensi Lugembe.
Wenzake walikula kesi za tumbaku na viwanja,
wakapandisha ghorofa kule Cheyo.
Yeye alikula matobolwa.
Ndiyo ada iliyokuja: debe la matobolwa kutoka Sikonge,
jogoo aliyefungwa miguu, asali ya nyuki wadogo,
na mara nyingi maneno matupu:
"Nikivuna, Wakili."

Tuliijua hodi ya saa tano usiku.
Haikugonga, ilikwaruza.
Mama aliwasha jiko kabla hajauliza jina.
Binti wa kidato cha tatu, sare imefunikwa khanga.
Mhudumu wa baa aliyefukuzwa siku tumbo lilipoonekana.
Nilihamishwa kitandani mara ngapi? Sikuhesabu.
Nilihesabu uji: ulipungua.

Baba hakuwa na sauti ya mhubiri.
Alisema, "Huyu wa tumboni naye ni mteja wangu,
ila hajapata mdomo wa kunitafuta."
Kisha akaandika: kwa mwajiri, kwa mkuu wa shule,
kwa kijana fulani wa reli aliyesahau ana mtoto njiani.
Barua ya kijana huyo aliigonga mhuri mara mbili.

Nami nilimkasirikia. Niandike na hilo.
Siku ya kipaimara changu alikuwa Urambo, mahakamani.
Alirudi na vumbi hadi kwenye kope,
akakaa sakafuni, akanivua viatu,
akaniuliza askofu alisema nini, neno kwa neno,
kama anayechukua ushahidi.

Mwanamke mmoja alimwambia mbele yetu,
"Wakili, wewe hujawahi kubeba."
Baba akaweka kalamu chini.
"Kweli. Sijawahi."
Hakuongeza kitu.
Akajitwika begi la yule mama, akamsindikiza mpaka stesheni.

Majalada hayana namba za kesi.
Yana majina ya watoto: Kulwa na Dotto wa Ipuli,
Shija aliyewafuata, Mihayo, Nyamizi, Sperata.
Ndani, kadi ya kliniki, picha ya darasa la kwanza,
mwaliko wa harusi,
risiti za karo alizolipa bila kumwambia mama.
(Mama alijua. Mama anazo nakala.)

Chini kabisa, moja halina jina.
Karatasi moja tu, mwandiko umelala upande:
"Alikuja Jumatatu. Nilikuwa na kesi.
Nikamwambia arudi Alhamisi.
Jumatano wameniita Kitete kumtambua,
amefunikwa shuka.
Wote wawili."
Tarehe ni ya mwaka niliozaliwa.

Kumbe ndiyo maana
mlango wetu haukuwahi kutiwa komeo,
hata baada ya wezi kubeba redio.

Nimelirudisha chini ya mengine, kama lilivyokuwa.
Sikulitafutia jina.
Mama ananiita, anauliza kama nimekula.
Nimelamba ufunguo.
Bado mtamu, na kutu kidogo.