Moja kwa Moja

Bomba la alumini, mita kumi na ushei,
limesimama kati ya mgomba wa mshare na ukuta wa bafu.
Kiboriloni, asubuhi. Mlima bado umejifunika.

Nikabonyeza. Mshale wa mita
ukashtuka, ukasita,
ukalala kabisa:
moja kwa moja.
Kinachokwenda kinakwenda, hakirudi kitu.
Aminirabi akapiga makofi, bisibisi mkononi:
"Shemeji, umepatia! Bila hata kukata!"

Mimi niliyehudumia laini za simu miaka ishirini na sita,
toka Himo hadi Sanya Juu,
niliutazama mshale ule
kama mtoto anayejifanya kalala.

Maana nyaya za ardhini nilizika nne.
Nne tu, katika udongo usioonja mvua tangu Krismasi.
Na bomba kama hili, juu ya ardhi njema,
hesabu yake ni omu thelathini na sita,
si hamsini.
Hizo kumi na nne
kachangia nani?

Udongo.
Zaidi ya robo ya wati zangu
zinawapasha moto minyoo,
zinakanda mizizi ya magimbi ya Mama Ndekusura,
na mita, kwa adabu zake, inasema hamna hasara.

Tukarudi kwenye jembe.
Mota mbovu ya mashine ya kusaga
tukaifumua waya kama sweta,
ya kumi na mbili, ya ishirini, ya thelathini na mbili,
chini ya mibuni, chini ya kamba ya kuanikia.
Mama Ndekusura, ng'ambo ya ua wa masale,
akauliza kama tunatega fuko.
Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi zaidi.

Jioni nikabonyeza tena.
Mshale ukapanda, ukakaa:
moja nukta nne.
Aminirabi akaweka bisibisi chini, polepole.
"Tumeiharibu."

Nikamwonyesha kopo la mafuta ya kupikia pale mezani,
na rezista ndani yake, ya kujaribia redio.
Omu hamsini kamili.
Ukilipima hilo, ni moja kwa moja,
masika na kiangazi, usiku na mchana,
na halijawahi kusikika hata barazani.

Hakucheka.
Nikavaa spika za masikio, nikaita.
Kuna fundi saa mmoja Bujumbura
ambaye asubuhi aliniambia nasikika
kama mtu anayeongea ndani ya gunia.
Nikamaliza kuita, nikaachia kitufe.
Mvumo. Mkwaruzo. Kisha yeye:

"Ni wewe yule yule?
Mbona umesogea?"

Kuna waya umebaki, kama mita saba hivi.
Giza limeshaingia,
na Aminirabi anauliza
jembe nimeliweka wapi.