Kibendera wa Gezaulole

Ambakisye, mpangaji wangu wa chumba cha uani,
fundi simu wa mtaa wa Aggrey,
akishavaa miwani yake ya video
hauoni tena hata mkono wake mwenyewe.
Anaona minazi kutoka juu, kama mafagio yaliyosimamishwa,
anaona mabati, kanga zilizoanikwa,
anaona kichwa changu, anacheka:
"Mzee Mwinshehe, upara umeshafika katikati!"

Lakini karatasi ya kibali, yenye muhuri,
aliyoikunja mara nne mfukoni,
imesema bila kung'ata maneno:
avaaye miwani asirushe peke yake.
Awepo mtu pembeni, kwa macho matupu,
asiangalie skrini, asiangalie simu,
aiangalie droni tu, na anga inayoizunguka.
Mtu huyo ni mimi.

Nalipwa soda ya tangawizi na chapati mbili.
Miaka kumi na tisa nilishika kibendera
mechi za mchangani, Tandika, Mbagala,
nikikimbia na mstari wa chokaa
huku mashabiki wakimtaja mama yangu.
Naijua kazi ya kuangalia kitu kimoja
wakati dunia nzima inataka uangalie kingine.
Mara moja tu niliuficha mkono,
timu ya mtaa wetu ikafunga.
Bao lile bado linanila.

Gezaulole, kwa Kizaramo: jaribu uone.
Basi Jumapili, saa kumi alasiri, tunajaribu.
Yeye kwenye kiti cha plastiki, uso umezibwa, mdomo wazi,
vidole gumba vikinong'ona na rimoti.
Mimi begani kwake, natangaza:
"Ipo kushoto kwa mnara wa simu.
Kunguru wawili, mashariki.
Bodaboda imeingia uwanjani, ngoja ipite."
Naye: "Sawa. Sawa. Sawa,"
kama kipofu anayevushwa barabara ya Kilwa.
Anayeona hadi Mjimwema ndiye wa kushikwa mkono,
na mwenye macho anaambulia nukta.

Sasa niseme nilichokificha tangu mfungo.
Ile nukta imeota ukungu.
Daktari wa Temeke, binti mdogo mwenye tochi,
kaniambia ni mtoto wa jicho.
Nikamwambia, watoto ninao sita,
huyu wa saba simtaki.
Hakucheka. Aliandika tarehe.

Wiki tatu nimekuwa nikifuata mvumo,
nageuza shingo unakoelekea, nasema "ipo, ipo,"
kama mtu anayeitikia dua asiyoisikia vizuri.
Na kijana anasema sawa.

Jumapili iliyopita kunguru walitokea upande wa jua.
Niliwasikia wao, kisha mlio mdogo,
kijiko kikianguka sakafuni.
Droni ikayumba, ikajinyoosha.
Chini yake watoto wa madrasa walikuwa wanapita,
juzuu vifuani.
Mimi niliwaona baadaye.
Hilo neno, baadaye, nimelala nalo siku sita.
Ambakisye aliinama akabadilisha panga moja,
akanishukuru. Akaniongezea chapati.

Leo nimekichomoa kibendera juu ya kabati.
Njano yake imechujuka, kina harufu ya mende,
lakini mpini ungali unaujua mkono wangu.
Kijana amevaa miwani, amepaisha.
"Mzee, ipo?"

Nikatembea hatua kumi hadi katikati ya uwanja,
mahali ambapo kibendera hapaswi kufika,
nikakinyoosha juu, mkono umekaza,
kama siku ile nilivyopaswa.

Mvumo ukasimama juu yangu.
Nilijua ananiona kutoka kule:
upara, kivuli kifupi, kitambaa cha njano.
Akauliza kwa sauti, bila kuvua miwani,
"Nani kaotea, mzee?"

"Mimi. Shusha."