Swali la Kumi na Saba

Julai. Ukungu umelala juu ya Gikomba hadi saa nne,
nami nina kishikwambi, beji ya chuo kikuu
na maswali arobaini na mawili
kuhusu afya ya demokrasia.
Sampuli imeniangushia kibanda cha Kageha,
fundi wa mizani.

Kabla ya lolote nikamsomea idhini:
una hiari kushiriki, una hiari kukoma,
jina lako halitaandikwa popote.
"Liandike," akasema. "Nimelilipia leseni."
Ndiyo maana limo humu.

Nyuma yake mizani zimening'inia kwa kulabu,
za nyama, za omena, za viazi,
na moja ya kliniki, ya watoto wachanga, beseni limepasuka.
Maswali kumi na sita yalipita bila kukwama.
Umri. Elimu. Ulipiga kura? Nilipiga.
Ulifika foleni saa ngapi?
Saa kumi alfajiri, na kigoda changu.

La kumi na saba:
Kwa kiwango cha moja hadi tano,
una imani kiasi gani na hesabu ya kura?

Akaweka bisibisi chini.
"Imani?"
Moja ni hakuna kabisa, nikamfafanulia, tano ni kubwa mno.
"Mizani siiamini, kijana. Hata hii niliyoitengeneza jana.
Naipima."
Akatoa jiwe la kilo, la shaba,
limefungwa kitambaa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa,
akaliweka kwenye sinia.
Sindano ikapanda, ikasita, ikasimama
unywele mmoja kabla ya kilo.
"Umeona? Inaiba kidogo.
Si ya kuvunjwa, si ya kusifiwa. Ni ya kukazwa hapa."
Akaikaza.
"Na naikaza mteja akiwa amesimama hapo ulipo.
Nikienda nayo nyuma ya pazia,
hata nikirudi na ukweli mtupu
nitakuwa nimerudi na uvumi."

Nitie ngapi, basi? Mbili? Tatu?

"Kwani fomu yako haina mahali pa jiwe?"

Haikuwa napo.
Nikabonyeza Nyinginezo, penye nafasi ya herufi sitini,
nikaandika: Haamini; hupima. Hadharani.

Septemba, orofa ya tano, Daktari Mbaabu akasafisha takwimu.
Nyinginezo hazikufika asilimia mbili;
zikafagiwa kama maganda ya njugu.
Si kwa ubaya. Ndivyo tulivyofunzwa, yeye na mimi:
jedwali halina subira na mtu mmoja.
Makala ikatoka na grafu ya buluu, inateremka vizuri,
imani inapungua, tunapendekeza elimu ya uraia,
midahalo, na utafiti zaidi.
Nilipigania tanbihi. Nikapewa tanbihi.
Namba tisa, herufi za sisimizi.

Nikampelekea nakala.
Akafuta mikono mafuta, akasoma ukurasa wa kwanza
midomo ikitembea,
kisha akaiweka kwenye mizani ya omena.
"Gramu mia moja na themanini," akasema. "Pamoja na pini."
Tukacheka. Mimi nilichelewa kidogo kucheka.

Tanbihi ya tisa aliisoma mara mbili.
"Hapa umenisikia nusu.
Wewe unauliza watu kama wanaamini.
Uliza kama wanaruhusiwa kupima.
Uliza jiwe linalala kwa nani."

Muuza nyanya alikuwa amefika na mizani kwapani,
akanisukuma kwa kiwiko, akasimama niliposimama,
mkono kiunoni, jicho halipepesi.
Hakuna aliyemfunza uraia.

Nimerudi kwenye hojaji. Nimefuta la kumi na saba
mara nne, na bado halijakaa sawa.

Wajuzi watasema shairi hili nalo halina mizani.
Kweli. Nimeiacha kwa Kageha.
Anasema niifuate Alhamisi,
na nije mapema,
nisimame pale akiifungua.