Pingu Zilitoka Lini

Mwalimu alisimama,
kitabu akikisoma,
sisi watoto, kwa nyuma,
kanisani kwetu Mbweni.

Askofu alishikwa,
kwa liwali kapelekwa,
chetezo kimeshawekwa:
“Tia chembe ya ubani.

Chembe moja, si zaidi,
kisha nyumbani urudi;
mzee, usikaidi,
ya nini kufa motoni?”

Mzee akanyamaza,
chetezo kakisogeza:
“Sina wa kumfukiza
ila aliye mbinguni.”

Akatiwa pingu ngumu,
miguu yaganda damu,
siku kumi zikatimu,
kisha kuni, uwanjani.

Hapo Bibi Achisale,
aliketi kule mbele,
kakatiza polepole:
“Pingu zilitoka lini?”

Mwalimu kakipekua,
kitabu hakikujua.
Bibi kanga kainua,
kovu liko kifundoni.

Lilikuwa kama pete,
tukalitazama sote,
tusimeze hata mate.
Kunguru tu, minazini.

“Zangu ilikata tupa,
nikafunguliwa hapa;
yeye nani kamtupa,
chuma bado mguuni?”