Paka Mara Mbili

Namba zimekatwa kwenye maboksi ya chai,
yangu kumi na mbili, yake kumi na tatu.
Zahanati ya ngozi ya Limbani ina benchi moja
na feni inayozunguka ikipenda.
Amekaa kando yangu, magoti kayabana,
shati la mikono mirefu na jua lote hili la Wete,
anatabasamu kama mtu aliyevunja kikombe cha watu.

Bikombo wa dirishani anataka majina matatu.
Lako, la baba, la babu; fomu haiendi bila babu.
"Natsuko," anasema mgeni. "Morita."
"Na babu?"
Anafungua kijidaftari, anapekua:
ukurasa wa salamu, ukurasa wa sokoni, ukurasa wa nauli,
babu hayumo.
Bikombo anaitazama foleni, anamwazima babu yake mwenyewe.
Natsuko Morita Faki.
Benchi zima likaitika: haya, karibu kwenye ukoo.

Kisha akanigeukia. Maneno kayapanga tangu nyumbani,
nayaona midomoni yakijihesabu.
"Ngozi yangu... imewashwa."
Mzee wa namba tisa akadakia:
imewashwa na nani, na swichi iko wapi?
Tukacheka. Naye akacheka, akichelewa kidogo,
kama anayelipa deni asilolikopa.
"Inawasha," nikamwambia. "I-na-wa-sha."
Akaandika.
Kisha, bila kuombwa, akapandisha mikono ya shati
mbele ya wazee, mbele ya watoto,
wekundu mpaka kwenye viwiko, malengelenge yamejaa maji.

Nikatazama feni.
Mie nilimwambia Bikombo nimefuata dawa ya mama.
Mama hana kitu.
Mwaka wa pili huu naufunga mtandio mpaka kidevuni,
chumbani naomba taa izimwe kwanza.
Kiswahili chote nilichozaliwa nacho,
na hilo ndilo nililolisema.

"Namba kumi na mbili!"
"Atangulie mgeni."
"Basi ingia naye, umsaidie."

Daktari Msellem, miwani kaifunga kwa uzi,
anauliza kagusa nini, kala nini, sabuni gani.
Namfasiria Kiswahili kwa Kiswahili,
polepole zaidi, na vidole.
Mgeni anachora: tunda, na chini ya tunda kidude kimejikunja
kama mtoto tumboni.
"Bibo!" tukapiga kelele wawili.
Wanafunzi wake walimletea kapu zima,
na korosho mbichi akazibangua kwa kucha.
Kila mtoto wa hapa kaungua mara moja, akajua.
Kijidaftari hakikuungua.

"Paka asubuhi," daktari anamwambia, "paka jioni.
Paka nyembamba."
Kalamu ikasimama.
Akachora masikio mawili, mkia, sharubu.
Akachora mwingine, kakonda.
Akauliza, kwa adabu kubwa:
"Paka... wa nani?"

Daktari alicheka mpaka uzi ukakatika.
Mie nikafungua tyubu, nikamshika mkono,
nikampaka. Nikasema: napaka.
Chini ya kidole changu ngozi yake ilikuwa moto
kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.
"Napaka," akasema. "Unapaka. Anapaka."
Nilipoinama mtandio ukalegea,
sikuuwahi.

Daktari alikuwa akitafuta miwani yake, au alijifanya.
"Na hilo la shingoni," akasema kwa meza,
"la tangu lini?"
Natsuko Morita Faki akageuza ukurasa mpya,
akaniangalia, kalamu tayari,
kama vile sasa ni zamu yangu kufundishwa.
Nililipata moja tu:
"Inawasha."
Akaliandika tena, ingawa alikuwa nalo.

Nje, paka wa zahanati kalala juu ya viatu vyetu,
vyangu na vyake, kavichanganya.
Hatukumwamsha upesi.
Tyubu yake mkononi, yangu kwenye mkoba.
Akamwonyesha paka kwa kidevu,
akaninyooshea vidole viwili.